Praimu taimu: maana yake kwa anayetangaza biashara nchi jirani

Praimu taimu ni saa za siku ambazo kituo cha televisheni hupata watazamaji wengi kuliko saa nyingine. Neno limetoka Marekani, ambako televisheni kubwa huzihesabu kuanzia saa 2 hadi saa 5 usiku katika majimbo ya mashariki, na saa 1 hadi saa 4 usiku katika majimbo ya kati.

Kwetu kinachowakusanya watu ni taarifa ya habari, na saa zake hazifanani. Kenya imezoea habari za Kiswahili saa 1 usiku na za Kiingereza saa 3. Tanzania ni saa 2 usiku. Anayenunua nafasi "karibu na habari" aulize kwanza ni habari zipi.

Nafasi ni chache na wanaozigombea ni wengi, ndiyo maana bei hupanda. Hata hivyo bei kubwa si lazima iwe ghali. Tuseme tangazo la usiku la Sh 300,000 linaonwa na watu 100,000, na la mchana la Sh 100,000 linaonwa na watu 20,000. La usiku limegharimu Sh 3,000 kwa kila watu elfu, la mchana Sh 5,000. Hesabu hii huharibika pale wanaotazama wasipokuwa wateja. Wakala wa forodha wa Namanga anayetafuta madereva wa malori hawezi kutegemea kuwapata sebuleni saa 2 usiku. Dereva aliye njiani husikiliza redio, na kilele cha redio ni asubuhi watu wanapokwenda kazini na jioni wanaporudi.

Kosa linalokula fedha kimyakimya ni la saa. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa moja mbele ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Saa 2 usiku Dar es Salaam ni saa 1 usiku Kigali. Tena, mkataba wa Kiingereza ukiandika 8 usiku una maana ya saa 2 yetu, si saa 8 ya usiku wa manane. Ni salama kuandika 20:00 na kutaja ni saa za nchi gani.

Vituo vingi pia huuza kwa bei nafuu matangazo yasiyo na saa maalumu, ambayo kituo hupanga chenyewe kinapopata nafasi. Hayo si praimu taimu, hata muuzaji akisema "huenda likaangukia usiku". Aliyelipia saa maalumu adai ripoti inayoonyesha tarehe na dakika tangazo liliporuka hewani, kabla ya kumalizia malipo.