Toa Kipande

Ukiingia jengo lolote la ofisi katikati ya Nairobi, kabla hujaona lifti utaona meza. Juu ya meza kuna kitabu kikubwa cha mistari na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Nyuma ya meza kuna soja.

"Kijana, toa kipande."

Unatoa kitambulisho. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unaenda kuona nani, umeingia saa ngapi. Unasaini. Ukiinua macho mstari mmoja juu, unaona jina na simu ya dada aliyeingia kabla yako. Atakayekuja nyuma yako ataona zako.

Tangu niache chuo, sidhani kuna kitu nimeandika kwa kalamu mara nyingi kuliko hayo majina kwenye vitabu vya masoja. Kazi yangu ya kuandika naifanya kwa laptopu. Kalamu nakutana nayo mlangoni.

Sikuwahi kufikiria sana hiyo habari hadi Juni 2021. Mwezi huo neno lilienea kwamba ukiingia eCitizen unaweza kuangalia kama umesajiliwa kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Watu wakaanza kupiga kelele Twitter: nimewekwa kwa chama sikijui! Mimi nilicheka kwanza. Kisha usiku, nikiwa kitandani, nikaweka nambari yangu.

Nilikuwa mwanachama. Chama sitakitaja, lakini mkutano wao sijawahi kuhudhuria, na hata fulana yao ya bure sijawahi kuvaa. Nambari yangu ya kitambulisho ilikuwa pale, sahihi kabisa. Nani aliwapa? Soja? Wakala wa pesa aliyeninakili kwenye daftari lake? Yule jamaa wa laini za simu aliyekuwa na mwavuli pale stendi? Sitajua kamwe. Lililoniuma zaidi ni njia niliyoonyeshwa ya kutoka: nijiuzulu. Nilitakiwa kutoa notisi kwamba naacha kitu ambacho sikujiunga nacho.

Kesho yake nilimpigia cucu kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka hadi akakohoa.

"Kwa hivyo na wewe umevishwa mbugi," akasema.

Mbugi kwa Kikuyu ni kengele ya mbuzi. Ndivyo wazee walivyokiita kipande, kile cha kwanza kabisa, ambacho baba yake cucu alikivaa shingoni akifanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Nakuru. Mimi nilidhani "kipande" ni neno la mtaani la kitambulisho, kama tunavyosema "ID". Kumbe soja anaponiambia toa kipande, anatumia neno lenye zaidi ya miaka mia moja, na halikuanza kama utani.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, kwa hivyo ilianza kutumika 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kusajiliwa, kuchukuliwa alama za vidole, na kubeba karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Kutembea bila hicho kikopo lilikuwa kosa la kukupeleka jela.

Watu wengi wakisimulia habari ya kipande husimama hapo kwenye kikopo, manake kinatia uchungu kukiona kwenye picha. Lakini nguvu ilikuwa kwenye karatasi. Iliandikwa jina, kabila, wilaya unakotoka. Halafu mwajiri aliandika tarehe uliyoanza kazi, mshahara wako na, ukiondoka, tarehe aliyokuachilia, kisha akasaini. Bila hiyo saini ya kuachiliwa hungeweza kuajiriwa kwingine. Ukitoroka, alama zako zilikuwa tayari Nairobi kwenye rejista kuu, na kuacha kazi kabla ya mkataba kuisha lilikuwa kosa la jinai. Hata ukiachiliwa vizuri, mwajiri mpya alisoma ulikuwa unalipwa ngapi, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kukupa zaidi.

Kwa hivyo mtu alitembea na faili yake mwenyewe shingoni, faili ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma, na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiandika isipokuwa bosi. Hebu isome tena hiyo sentensi ukifikiria simu yako.

Na zile alama za vidole? Hizo pia zina safari yake. Mwaka 1858 huko Bengal, afisa Mwingereza aitwaye William Herschel alimfanya mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, agandamize kiganja chake kwenye mkataba ili asije akaukana. Baadaye, huko huko Bengal, mkuu wa polisi Edward Henry na wasaidizi wake Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitengeneza njia ya kupanga alama hizo ili ziweze kutafutwa kwa haraka. India ilianza kuitumia 1897. Scotland Yard ya London iliichukua 1901. Yaani teknolojia unayotumia kufungua simu ilijaribiwa kwanza kwa watu waliotawaliwa, halafu ndio ikapelekwa Ulaya.

Watu wa hapa hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku alikuwa kijana wa ishirini na kitu, akifanya kazi ya kuunganisha simu kwenye hazina ya serikali Nairobi. Mtu wa teknolojia, ukitaka. Walowezi walikuwa wamekata mishahara, kodi imepanda, na kipande kiko shingoni. Thuku na wenzake waliita mikutano, wakaunda chama cha East African Association, na badala ya kupitia kwa machifu wakatuma telegramu moja kwa moja hadi London. Hicho ndicho kiliwaudhi wakubwa: kijana wa simu kutumia waya wao kuwapita.

Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 umati ulikuwa umejaa nje ya kituo cha polisi ambacho leo tunakiita Central. Wazee waliotumwa kuzungumza na serikali waliporudi na kusema watu waende nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake na kuwaambia wanaume wampe suruali zao, yeye avae. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na inasemekana hata wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walifyatua zao. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21. Wengine walisema ni zaidi sana. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Nilipokuwa chuoni nilipita barabara ya Harry Thuku karibu kila siku, nikienda kutafuta chai ya bei nafuu. Karo ilipokwisha na nikaacha masomo, nilikuwa bado sijui ilipewa jina hilo kwa nini.

Kipande kiliendelea miaka mingine 25. Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo ndipo kichekesho kilipoanza. Walowezi walikataa kata kata kutoa alama za vidole. Walisema hayo ni mambo ya wahalifu, ni aibu kwa mtu mwenye heshima. Serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwaka 1950 ikapendekeza kwamba anayejua kuandika Kiingereza aweze kutoa saini na picha badala ya vidole. Karibu miaka thelathini Waafrika walikuwa wamesema neno lile lile, wakajibiwa kwa risasi. Walowezi walilalamika miaka miwili mitatu, wakapewa tume.

Kisha ikaja Hali ya Hatari ya 1952. Mapema 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru wakalazimishwa kubeba pasibuku. Aprili mwaka huo huo Operesheni Anvil ikafunga Nairobi nzima, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Watu walipangwa foleni mbele ya gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, umeenda. Cucu alikuwa msichana mdogo. Anasema kitu alichoogopa si gunia, ni kwamba gunia lilikujua na wewe hukulijua.

Yeye mwenyewe hakuwa na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kitu cha wanaume hadi sheria ilipobadilishwa 1978. Alipokipata alifurahi! Hapo nilimkatiza: ulifurahi kuvishwa mbugi? Akanijibu kwamba bila hiyo kadi, kila mahali alikoenda aliulizwa mume wake ni nani.

Hilo jibu lilinivuruga, manake nilikuwa na makala safi kichwani: kitambulisho ni kibaya, basi. Lakini waulize Wanubi wa Kibera. Babu zao waliletwa hapa kama askari wa Mwingereza kutoka Sudan, na vizazi baadaye vijana wao bado walipelekwa mbele ya kamati za kuwachuja kabla ya kupewa kitambulisho. Bila kadi hakuna ajira rasmi, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura. Serikali ilipobadilisha sheria mwishoni mwa 2018 ili kuanzisha mfumo wa Huduma Namba, sheria hiyo ikiruhusu hata DNA na GPS ya nyumbani kwako, Nubian Rights Forum walikuwa kati ya waliokwenda mahakamani. Hawakuenda kwa sababu wanachukia kuandikishwa. Walijua kuliko sisi wote ni nini humpata mtu ambaye rejista imemwacha nje.

Januari 30, 2020, Mahakama Kuu ikasema DNA na GPS ni kinyume cha Katiba, na mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha. Wakati kesi inaendelea, Novemba 2019, tulipata Sheria ya Kulinda Data. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zilianza kutolewa bila kupimwa kwanza hatari kwa faragha za watu. Halafu jina likabadilika, tukaletewa Maisha Namba.

Katikati ya hayo, 2023, Worldcoin wakaja. Foleni KICC ilikuwa ndefu ajabu. Unaangalia ndani ya mpira wa chuma, unapigwa picha ya mboni, unapata tokeni za kama shilingi 7,000. Marafiki zangu wawili walienda na siwezi kuwacheka, nyumba ilikuwa inadai. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2 mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya miili ya Wakenya ifutwe. Safari hii hakuna aliyelazimishwa na askari. Njaa ndiyo ilipanga foleni.

Kwa hivyo siku hizi nikisoma habari ya teknolojia, iwe ni usajili mpya wa laini, kadi mpya, au mswada wa intaneti, sijiulizi kama ni ya kisasa. Kipande kilikuwa cha kisasa kabisa mwaka 1920. Najiuliza maswali ambayo baba yake cucu angeuliza. Nani anaandika kwenye hii karatasi? Mimi naweza kuisoma? Kukiwa na uongo, naufuta vipi? Na nikitaka kutoka, natakiwa kusubiri saini ya nani?

Kile chama kilifeli yote manne. Mtu mwingine aliniandika, niliona kwa bahati, sikuweza kusema "huu ni uongo, futeni", na ili nitoke nilitoa notisi kama mtumishi anayeomba kuachiliwa.

Niliituma hiyo notisi. Jina langu lilitoka. Lakini kwenye rekodi, nadhani, kuna mahali panaposema niliwahi kuwa wao na nikajiuzulu.

Wiki jana nilienda jengo moja kufuatilia malipo ya kazi yangu. Soja alikuwa mzee wa rika la baba yangu.

"Kijana, kipande."

Nikampa. Nilipomaliza kusaini nikamuuliza, "Mzee, hiki kitabu kikijaa kinaenda wapi?"

Aliniangalia kama nimemuuliza mvua huenda wapi ikishanyesha.

"Kikijaa," akasema, "wanatuletea kingine."