Lori Lililogonga na Dawa Yake

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maneno hayo yalisemwa juu ya wanadamu, lakini historia ya injini ya petroli yaonyesha kwamba yanafaa kwa mashine pia. Iko dalili moja ya ugonjwa wa injini ambayo mafundi wa Kisumu waliijua kwa masikio yao, na ambayo ulimwengu mzima uliificha kwa dawa yenye sumu kwa muda wa karibu miaka mia moja. Dalili hiyo huitwa kugonga.

Reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba, mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Hapo shehena ilishushwa kutoka behewani ikapakiwa melini. Miaka ilipopita malori nayo yalikuja, na kwa lori hakuna njia ya chuma iliyosawazishwa. Kisumu uko katika kimo cha mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na milima. Aendaye Kakamega hupanda Riat mara tu atokapo mjini; aendaye Nakuru kwa njia ya Kericho hana budi kupanda hata apite mita 2,400. Katika miinuko hiyo, lori la zamani lililojaa mahindi au sukari ndipo lilipotoa siri yake: mlio mkali wa haraka haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe.

Mlio huo hutoka wapi? Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli hushindiliwa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche. Yapasa moto uanzie penye plagi na kuenea kwa utaratibu, kama moto wa nyika ulao majani hatua kwa hatua. Lakini joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe kwa ghafula. Nguvu ya mlipuko huo hupiga kuta za silinda kama nyundo. Dereva asiyejali akiendelea kukanyaga mafuta, mwisho wake ni pistoni iliyotoboka na lori lililolala njiani.

Fundi hodari huanza kwa kusikiliza kabla ya kufungua hata nati moja. Mlio ukitokea lori linapovuta mzigo mlimani, na kutoweka mara dereva anapoinua mguu, hiyo ni dalili ya mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Mlio mzito wa chini, unaopungua waya wa plagi ya silinda moja unapoondolewa, ni dalili ya beringi ya mkono wa pistoni iliyolika, na hapo hapana marekebisho ya kabureta yatakayoiponya. Mlio mwepesi unaosikika juu ya injini hata gari likiwa limesimama, aghalabu ni valvu zilizolegea. Wengi walitumia bisibisi ndefu: ncha yake waliigusisha kwenye chuma cha injini, na mpini wakauweka sikioni, kama daktari asikilizaye kifua cha mgonjwa.

Akiisha kuujua ugonjwa, fundi hufuata mpango. Kwanza huchomoa plagi na kuzitazama. Rangi ya kahawia hafifu ni uzima. Masizi meusi yaonyesha petroli imezidi. Weupe wa kuungua waonyesha hewa imezidi, nayo huongeza joto na kugonga. Pili hupima pengo la pointi ndani ya distributa, kwa sababu pengo likibadilika wakati wa cheche hubadilika pia. Ndiyo maana pointi hutangulia na taimingi hufuata. Tatu hulegeza distributa na kuigeuza kidogo kuelekea upande ule ule rota inakozungukia, ili cheche ichelewe. Hufanya hivyo kwa kiasi, maana cheche ikichelewa mno injini hupoteza nguvu na kupata joto jingi. Kisha hulipeleka lori mlimani tena, likiwa na mzigo wake, na kusikiliza.

Kuna jambo jingine. Hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya pwani, basi mgandamizo ndani ya silinda hupungua, na kugonga hupungua. Lori lililotengenezwa likaenda kimya kabisa kandokando ya ziwa laweza kugonga likifika Mombasa, ingawa hapana mtu aliyeligusa. Kwa hiyo fundi mwema humwuliza dereva aendako.

Wakati mafundi wa mahali pengi walipokuwa wakishindana na ugonjwa huu kwa bisibisi, watu wa viwanda walitafuta dawa ya kutia ndani ya petroli. Nchini Marekani, mwezi wa Desemba, mwaka 1921, Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya Charles Kettering katika kampuni ya General Motors, aligundua kwamba mchanganyiko fulani wa madini ya risasi huondoa kugonga hata ukitiwa kidogo sana. Mwaka 1923 dawa hiyo ilianza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake, wengine wengi wakapatwa na wazimu. Hata hivyo, biashara iliendelea na kuenea duniani. Moshi wa magari ukawa unamwaga risasi hewani na udongoni, na risasi hudhuru ubongo wa watoto hata ikiwa kidogo.

Je, hapakuwa na dawa nyingine? Ilikuwako. Watafiti wale wale walijua kwamba spiriti ikichanganywa na petroli huzuia kugonga. Na spiriti hutokana na miwa, zao ambalo ufuo wa Kisumu unalo kwa wingi: kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, Muhoroni kikafuata mwaka 1966, na Chemelil mwaka 1968. Katika mwongo wa 1980, kiwanda kingine huko Muhoroni kilitengeneza spiriti kutokana na molasi, yale maji mazito meusi yanayobaki sukari ikiisha kuganda. Spiriti hiyo ilichanganywa na petroli, sehemu moja kwa tisa, ikauzwa Kenya. Lakini mpango huo haukudumu. Ulikoma mwaka 1993.

Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwezi wa Agosti, mwaka 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi, lilitangaza kwamba nchi ya mwisho, Algeria, imekwisha kuacha kuiuza kwa ajili ya magari. Ulimwengu ulihitaji karibu miaka mia moja kuitupa dawa iliyoua watu tangu mwanzo wake.

Wala vishawishi havikuisha. Wako wauzaji waliochanganya petroli na mafuta ya taa ili wapate faida, na mafuta ya taa hufanya injini ya petroli igonge vibaya. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia udanganyifu huo. Walioumia ni maskini waliopikia na kuwashia taa mafuta hayo: hila ya wachache ililipwa na wengi wasio hata na gari.

Vijana wanaosoma sayansi hawana budi kulikumbuka jambo hili. Kuondoa kelele ni kazi moja, na kuondoa sababu ya kelele ni kazi nyingine. Fundi aliyeinama juu ya injini pale Kisumu, akisikiliza, akipima na kurekebisha, alifanya kazi ya pili. Wenye elimu kubwa na maabara kubwa walichagua ile ya kwanza, na gharama yake wakaachiwa watoto wasiojua hata neno petroli.