Karne: kuitaja na kuihesabu

karne *nm* [i-/zi-] muda wa miaka mia moja. Asili yake ni Kiarabu *qarn*, neno ambalo pia humaanisha pembe (ndiyo iliyomo katika jina Dhulkarnaini) na, katika Kurani, kizazi au umma uliopita.

Kiswahili huitaja karne kwa nafasi yake katika mfuatano. *Karne ya kumi na tisa* ilianza mwaka 1801 ikaisha 1900, kwa kuwa kalenda ya Miladia haina mwaka wa sifuri. Kihusishi *ya* kisidondoshwe: *karne kumi na tisa* ni muda wa miaka 1,900.

Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu huhesabu vivyo hivyo, ingawa Kifaransa hupendelea namba za Kirumi. Taabu humpata mfasiri akutanapo na lugha zitajazo karne kwa tarakimu za mwaka wenyewe. *1800-talet* ya Kiswidi na *1800-luku* ya Kifini ni karne ya 19. Kuandika "karne ya 18" ni kumrudisha msomaji nyuma miaka mia nzima. Kiitaliano kina mtego mkubwa zaidi, maana huiacha elfu: *Quattrocento*, yaani "mia nne", ni miaka ya 1400, nayo kwetu ni karne ya 15.

Hata hivyo mipaka hailingani sawasawa. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kwa hesabu yetu, ni wa mwaka wa mwisho wa karne ya 19. Mswidi atauweka katika *1900-talet*. Panapohitajika usahihi, ni heri kutaja mwaka.

Wapo waandikao "miaka ya 1800" wakikusudia karne nzima. Hatulipendekezi tumizi hilo, kwani "miaka ya 1960" ni kumi tu, na msomaji hana njia ya kujua ni kipimo kipi kilichokusudiwa.

Wasomao miswada ya pwani waangalie pia kalenda. Utendi wa Tambuka hunasibishwa na mwaka 1141 Hijria, sawa na 1728 Miladia: karne ya 12 kwa hesabu moja, ya 18 kwa nyingine. Wala tofauti haibaki ileile daima, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Karne ya 14 Hijria ilianza Novemba 1883 ikamalizika Novemba 1980, miaka 97 ya Miladia. Kwa hiyo andika *karne ya 12 Hijria*, si *karne ya 12* pekee.