Almasi ya Mwadui na Elimu ya Kupima Vina vya Ardhi

Mtu achimbaye kisima Temeke, au msingi wa nyumba huko Kinondoni, hukuta mchanga, udongo wa mfinyanzi, na penginepo mawe ya matumbawe. Hayo yote ni mashapo, yaani vitu vilivyotuama juu ya ukingo wa bara kwa muda wa mamilioni ya miaka. Wapimaji wa gesi wamepitisha mitetemo katika mashapo ya pwani hii, na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilifika Ubungo kwa bomba mwaka 2004. Lakini mtafuta almasi hana haja ya kupiga kambi huku. Sababu yake haionekani juu ya ardhi. Ipo chini sana, nayo ndiyo habari ya makala haya.

Almasi hufanyika katika kina cha kilomita 150 au zaidi, mahali penye mgandamizo mkubwa mno, chini ya viini vya bara vilivyo vikongwe, vinene, na vyenye ubaridi kuliko sehemu za jirani. Kiini cha namna hiyo, chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, kimelala chini ya Usukuma na Unyamwezi. Kimberlaiti, mwamba ulioitwa kwa jina la mji wa Kimberley wa Afrika ya Kusini, hupanda kwa kasi kutoka huko na kutokea juu kama volkano. Basi kimberlaiti ni chombo tu, na almasi ni abiria. Navyo vyombo vingi hufika bandarini vitupu.

John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1907, aligundua Mwadui, karibu na Shinyanga, mwaka 1940. Kabla yake almasi zilikwisha kuonekana Mabuki, kusini ya Mwanza. Njia ilikuwa ya miguu na mikono: kuchimba vishimo, kuchekecha changarawe, na kufuata madini yanayosafiri pamoja na almasi, kama vile ganeti. Masimulizi hupenda kutaja jina moja, lakini vishimo havichimbwi na mtu mmoja. Kasoko iliyopatikana ilikuwa na eneo la hekta 146 hivi. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukanunuliwa kwa ubia na De Beers na serikali ya Tanganyika.

Vipimo vya kitaalamu vilisaidiaje? Kimberlaiti huwa na madini yenye sumaku. Ikioza hugeuka udongo upitishao umeme kwa wepesi kuliko itale iliyoizunguka. Na kasoko iliyojaa mashapo huwa nyepesi, hata nguvu ya mvutano ikapungua kidogo juu yake. Kwa hiyo ndege yenye kipimo cha sumaku, kama zile zilizopima nchi katika miaka ya 1970, huweza kuonyesha duara lililofunikwa na mbuga. Hata hivyo mpimaji mwangalifu haharakishi kufurahi. Miamba mingine ya volkano huleta alama zilezile, na kimberlaiti nyingine hazina sumaku ya kutosha hata kidogo.

Kipimo cha vina vikubwa kilikuja baadaye. Mwaka 1994 na 1995 vinasa-mitetemo viliwekwa katika Tanzania ili kusikiliza matetemeko ya mbali. Mawimbi hupita upesi zaidi katika mwamba baridi, na huchelewa katika mwamba wa moto; kwa tofauti hiyo wataalamu waliona mzizi mnene wa kiini kile, na joto lililouzunguka upande wa Bonde la Ufa. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda kinyume: Mwadui ilikuwa imechimbwa zaidi ya nusu karne kabla ya mzizi wake kupimwa hivyo. Elimu hii haikuivumbua Mwadui. Ilieleza kwa nini ipo pale, na hivyo kumpunguzia mtafutaji wa kesho eneo la kutembea.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana neno la kusema. Mara nyingi husemwa kwamba mitambo “imeona” almasi chini ya ardhi. Kwa maoni yangu kitenzi hicho si sahihi, nacho kina hatari, kwani mkulima aambiwaye hivyo aweza kuliachia shamba lake, au kulikatalia, kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona. Kipimo cha sumaku hudokeza mwamba. Kinasa-mitetemo hudokeza mzizi. Na ugunduzi hauwi ila baada ya changarawe kuoshwa. Kudokeza ni neno letu la zamani, nalo latosha. Ile almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa, yaani uzito wa gramu 11 hivi. Katika hekta 146 za kasoko, hakuna kipimo cha sumaku wala cha mtetemo ambacho kingaliweza kuionyesha ilipolala.