Fensi ya Susu Ilikauka, Nani Alilipa?

Kuna picha ya mamangu akiwa mdogo, miaka ya themanini, amesimama nje ya boma la susu huko Mbooni. Nyuma yake kuna fensi ya saipresi, kijani kibichi, imekatwa vizuri kama nywele za mtu anayeenda interview. Mimi sijawahi kuiona hiyo fensi. Nilipozaliwa kulikuwa na seng'enge na kayaba yenye miiba. Nilipomuuliza susu saipresi zilienda wapi, alinijibu tu, "Ziliungua bila moto."

Nilidhani ni mambo ya wazee. Kumbe susu alikuwa anaongea sayansi.

Kilichoziunguza ni kidukari, mdudu mdogo anayefyonza maji ya mti. Matawi yanaanza kukauka ndani, yanageuka kahawia, na mti mzima unaonekana kama umepitiwa na moto. Barani Afrika alionekana kwanza Malawi mwaka 1986. Kufikia 1990 alikuwa ameingia Kenya. Saipresi yenyewe pia ni mgeni, ilitoka Mexico (jina lake la kisayansi linasema Ureno, usiniulize) na wakoloni wakaipanda kwa mashamba makubwa ya serikali. Watu nao wakaichukua ya fensi na mbao. Sasa fikiria: mti mmoja kila mahali, halafu anakuja mdudu anayeupenda, na adui zake amewaacha kwao. Hata mtarakwa wetu wa asili haukupona.

Watafiti walikadiria kwamba kufikia 1991 miti iliyokufa Afrika ilikuwa ya thamani ya dola milioni 44, na kila mwaka zingine milioni 14.6 zilipotea kwa sababu miti iliyobaki haikukua vizuri. Serikali na wafadhili wakaamka. KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, ikashirikiana na wataalamu wa nje, na miaka ya 1990 wakaleta nyigu mdogo kutoka Ulaya anayetaga mayai ndani ya kidukari. Manze, hiyo ni kazi safi. Siwezi kuidharau.

Lakini angalia ile hesabu ilihesabu nini. Mbao. Susu hakuwa anauza mbao. Alikuwa na kivuli, mahali pa kuzuia upepo, na mpaka ambao jirani hangeubishia. Aliuza mbuzi wawili akanunua seng'enge. Hiyo haiko kwa ripoti yoyote.

Nimekumbuka haya yote kwa sababu ya mahali ninapokaa sasa. Niliacha chuo mwaka wa pili (story ya siku nyingine), na video zangu nyingi nazihariri stejini hapa Kitui mjini, chini ya mwarobaini. Watu wa bodaboda wako chini ya mwarobaini. Mama wa matunda, mwarobaini. Saa nane mchana jua la Kitui halina huruma, na tofauti ya kukaa kivulini na kukaa nje ni tofauti ya kuuza na kufunga. Nikajiuliza, huu mti ukipata kidukari wake je?

Si ndoto. Miaka ya 1980, kule karibu na Ziwa Chad, mdudu gamba alishambulia miarobaini, na huko pia ndiyo ilikuwa kivuli cha miji na vijiji. Marekani, karibu na Detroit, mwaka 2002 waligundua mbawakawa kutoka Asia anayeua miti ya mitaani. Ameua mamilioni, na miji ikalazimika kutafuta pesa mara mbili: ya kukata ile iliyokufa isiangukie watu, kisha ya kupanda mingine. Afrika Kusini wanapigana na mdudu wao hadi leo, mitaa ya Johannesburg ikiwemo.

Sisi pesa ya miti tunayo, tusidanganyane. Lengo la taifa ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa holiday nzima ya kupanda, na Rais alikuja kupanda Kiu, hapa Makueni. Miche ilikuwa mingi, kamera nyingi zaidi. Shida yangu ni siku ya 14 Novemba. Nani alibeba maji? Mche hapa Ukambani ukikosa maji kiangazi cha kwanza, umekwisha.

Makueni ilishaonyesha njia. Mwaka 2015 ilipitisha kanuni za mfuko wa tabianchi na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na kamati za wodi zinapendekeza miradi. Nyingi huwa za maji, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini kivuli cha soko la Wote au steji ya Kitui nacho kingeingia hapo: pesa ya kurudisha mti uliokufa, ya mtu wa kuumwagilia miaka miwili, na ya kuchanganya aina. Mukau, ambao KEFRI wameufanyia kazi miaka mingi hapa Kitui, unavumilia ukame. Muumo na mkwaju pia ni wetu.

Wiki iliyopita nilihesabu miti ya hapa stejini. Kumi na moja. Tisa ni miarobaini, na mmoja wao umeanza kukauka upande wa juu. Mkutano wa bajeti wa wodi ukiitwa nitaenda na picha zake, na ile ya mamangu.