Ebola Beni na Butembo: namna hospitali ilijifunza kusikiliza raia

Tarehe 1 Agosti 2018, wizara ya afya ilitangaza Ebola huko Mangina, karibu na mji wa Beni, Kivu Kaskazini. Tangu 2014 wakaaji wa Beni walikuwa wakizika watu wao waliouawa kwa mapanga. Sasa magari mengi yalifika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Raia wakauliza: mbona wakati wa mauaji hamkuja hivi?

Swali hilo lilikosa jibu, uvumi ukajaza nafasi. Desemba 2018, uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Wengi wakasema Ebola ni siasa. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili, daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Woga wa jamaa ulikuwa na mzizi. Mgonjwa aliingia ndani ya kituo, watu wake wakabaki nje, na mara nyingine waliona sanduku tu. Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, vinavyoitwa CUBE. Mama aliweza kusimama nje, amuone mtoto wake na kuongea naye. Waliopona walilea watoto ambao wazazi wao walilazwa, na mtaani walikuwa ushahidi kuliko tangazo lolote. Viongozi wa dini na redio za jamii walieleza ugonjwa kwa Kiswahili na kwa Kinande.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Novemba 2019, Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliyekuwa akizungumzia Ebola, aliuawa nyumbani kwake.

Ugonjwa ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa.

Leo, jamaa iliyokimbia vita inaposikia kipaza sauti cha chanjo kambini, ina haki ya kuuliza: dawa hii ni ya nini, mgonjwa wetu atapelekwa wapi, nani ataturudishia habari zake? Historia ya Beni inaonyesha kwamba majibu ya maswali hayo ni sehemu ya matibabu.