Malale, suramini na mlango wa kijidudu

Wale mnaosema protini ni somo la kudesa tu usiku wa kuamkia UE, leo nawaletea historia ya kwetu.

Mimi ni wa Chato, na huko kwetu, Geita mpaka Shinyanga, mbung'o tunamjua vizuri. Pale Tinde, Shinyanga, mwaka 1934 Dk. Corson alichukua vijidudu vya malale kutoka kwa mgonjwa, akaanza kuvipitisha kwa kondoo na swala kwa kutumia mbung'o. Kila baada ya muda, mbung'o hao waliuma watu waliojitolea. Jaribio likapita miaka 18, na vijidudu bado viliambukiza binadamu. Yaani porini vinatusubiri tu, kwa hiyo dawa isipofanya kazi tumekwisha.

Dawa yenyewe ilikuwa suramini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1916. Watu wakachomwa sindano hiyo miongo kwa miongo bila kujulikana inaingiaje ndani ya kijidudu. Mwaka 2012 ndipo watafiti wa Uingereza walipoonyesha mlango wake: protini ya juu ya ngozi yake iitwayo ISG75.

Hapo ndipo inapoingia yubikwitini, kiprotini kidogo ambacho seli hukibandika kwenye protini nyingine, kama ng'ombe anayepigwa chapa ya kwenda machinjioni. Ugunduzi huo ulipata Nobel mwaka 2004. Chapa unaionaje? Kwa kupima uzito. Mwaka 2003 timu ya Steven Gygi, Harvard, ilikata protini za hamira kwa tripsini na kuzipitisha kwenye spektromita ya masi. Palipokuwa na chapa palibaki uzito wa ziada wa daltoni 114.

Mwaka 2015 kina Zoltner na Field wakavigeukia vijidudu vya malale. Walipunguza vimeng'enya viwili vinavyobandua chapa, Usp7 na Vdu1, kisha spektromita ikaonyesha ISG75 imepungua. Mlango ukipungua, suramini inabaki nje na kijidudu kinapeta.

Mwaka 2024 WHO ilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya huku kwetu. Safi sana. Ila suramini imetufundisha kwamba kijidudu hakihitaji kupigana na dawa. Kinatosha kuacha kutunza mlango. Kwa hiyo wandugu, hayo madesa yasomeni vizuri, kuna watu wanaishi kando ya pori.